Mafundi bomba, acheni kusingizia mizizi!

Wakuu, huu upuuzi umezidi. Bili ya maji inapaa, fundi anaitwa, anachimba, anakuta mzizi wa mfikusi umelikumbatia bomba. Anaukata kwa panga, anafunga raba ya tyubu na waya, anachukua hela yake huyo! Baada ya muda palepale panachuruzika tena, eti mti ndio mbaya, ukatwe.

Mzizi hautoboi bomba lisilo na ufa. Unafuata unyevu, na unyevu unatokea kwenye jointi. Jointi aliifunga nani? Gundi ya PVC, yale mabomba ya plastiki ngumu, imepakwa juu ya vumbi, msasa haukupita, bomba halikuzama mpaka mwisho wa soketi, maji yakafunguliwa gundi bado mbichi. Ya chuma ndiyo usiseme, kutu inaanzia kwenye nyuzi za kukazia jointi. Mzizi ukishaonja hayo maji unanenepa, unalibinua bomba, ufa unatanuka. Na kwa mgao wetu huu wa maji, presha ikikata bomba linanyonya tope la nje, kisha watu wanajaza ndoo za kunywa.

Kabla ya kushika jembe, funga koki zote uangalie kile kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka, kuna pa kuvuja. Ukishafukua usizibe: kata kipande, walau sentimita 30 kila upande wa ufa. Kama njia inapita chini ya mti, weka HDPE, lile bomba la plastiki linalopinda na kuuzwa kwa roli, kipande kimoja, jointi zote zikae mbali na mizizi. Kina sentimita 60, mchanga laini chini na juu, mawe hapana. Kulizungushia bomba zege ni ujinga mwingine, mzizi ukilinyanyua linapasuka pamoja na bomba lake.

Mzizi ukatwe kwa msumeno. Ile minene iliyo karibu na shina iacheni, pitisheni bomba pembeni, la sivyo upepo utaulaza mti juu ya bati.

Halafu nyie mnaoshauri "mwaga mrututu" (ile chumvi ya buluu ya shaba) ili kuua mizizi: hiyo huwekwa kwenye bomba la maji taka lililoingiliwa na mizizi. Kwenye maji ya kunywa mnataka kuua watu?

Na fundi anayefukia shimo kabla maji hayajafunguliwa na jointi kukaguliwa kwa presha usiku kucha, msimpe hata senti.