Seli ni moja, mbona huku imeoksidika na kule haijaoksidika?

Nyalenda_Boy
Niaje wasee, niko mwaka wa tatu hapa Kisumu na hii topiki ya redoksi (nani amepoteza elektroni, yaani ameoksidika, na nani amezipata) imenikalia ngumu. Lekchara alituambia kazi ya glutathioni, ile molekuli ndogo ya kupeana elektroni, ni kulinda seli isioksidike, nikashika hivyo, alafu slaidi inayofuata anasema retikulamu ya endoplazimu, kile chumba cha seli cha kukunja protini, imeoksidika na inafaa ikae hivyo hivyo. Si hiyo ni seli moja jamani, ama mimi ndio nililala katikati? Na kwa praktiko tulisaga ini la ng'ombe kupima uwiano wa glutathioni tukapata namba moja tu, sasa hiyo namba ni ya wapi?

FundiWaPipeti
Hiyo namba si ya popote bro. Ni kama ubomoe boma la nyanya lote, jiko la kuni na chumba cha kulala, alafu uulize hapa kuna moshi kiasi gani. Kwa saitosoli, ule uji wa seli ulio nje ya vyumba vyake, glutathioni zenye elektroni zake zinazidi zilizooksidika mara 30 hadi 100, pengine zaidi, lakini kwa retikulamu ni kama 1 hadi 3 kwa moja. Siku hizi hawasagi, wanatumia roGFP, protini inayong'aa kijani, unaituma chumba unachotaka na unasoma seli ikiwa bado hai.

MamaSaluni_Kondele
Mimi sijasomea hayo lakini mteja akitaka nywele ikunjike, dawa ya kwanza inafungua vifungo vya salfa, unaweka rola, alafu ile ya pili yenye peroksidi inavifunga tena. Ukisahau ya pili, mikunjo inaenda na mteja anarudi na makelele. Si ni kitu kama hicho?

FundiWaPipeti
Mama umemaliza kazi! Retikulamu ndio saluni yenyewe. Insulini iko na vifungo 3 vya salfa, kimeng'enya kinaitwa PDI ndio kinavifunga, kingine kinaitwa Ero1 kinapokea elektroni kinazipea oksijeni, na peroksidi inatoka hapo. Ukileta hali ya saitosoli mle ndani insulini haikunjiki vizuri.
Ishara nazo zinafuata chumba. NF-kB, protini ya kuwasha jeni, ikiwa saitosoli peroksidi inaweza kuiamsha, lakini ikishaingia nyuklia (kiini cha seli), sisteini namba 62, asidi amino yenye salfa kwa kipande chake kinaitwa p50, lazima isiwe imeoksidika ndio ishike DNA. Kitu moja, vyumba viwili, masharti yanapingana. Ndio maana mtu akiniambia "antioksidanti ni nzuri kwa seli" bila kusema inaenda chumba gani, najua ako na vidonge vya kuuza.

Nyalenda_Boy
Eish, asante, na asante sana Mama. Sasa kwa ripoti niandike nini?

FundiWaPipeti
Andika ni wastani wa ini lililosagwa, basi. Na mlikaa muda gani kabla ya kuweka asidi? Glutathioni ukiiacha hivyo kwa meza bila asidi inaoksidika tu yenyewe.

Nyalenda_Boy
Kama dakika 40 hivi... tulikuwa tumeenda chai 😩