Sebule ya vitu vya nchi mbalimbali: niende maduka ya Masaki Dar, niende Unguja, au nibaki hukuhuku Mtwara?

Kasuku wa Shangani
Habari za jioni wadau wa kusini. Nyumba yetu huku Shangani imeisha, ukuta mweupe tupu, na mi sitaki sebule ya seti, yani makochi, pazia na zulia vyote rangi moja. Nataka kitu cha Moroko, kitu cha India, kitu cha kwetu, vichanganywe mpaka vielewane. Bajeti milioni 3 na mume wangu kashasema haiongezeki. Mwezi wa 6 nilipita kwenye duka moja la kifahari Masaki nikaona zulia la sufu jeupe lenye mistari myeusi, wanasema la Moroko, milioni 1.9. Mito ya kitambaa cha India elfu 85 mmoja. Kinyago cha mpingo urefu wa mkono laki 7. Sasa niwapelekee wao, au nipande boti nikapatane bei Mji Mkongwe, au nikusanye kidogokidogo hukuhuku? Walioshapamba naomba mnieleze hela yangu niipeleke wapi.

Chuno kwetu
Laki 7 kinyago? Si kimetoka hukuhuku kwetu hicho dada, kimepanda basi kwenda Dar, halafu na we unapanda basi kukifuata.

MwanaMasasi
Chuno kwetu ni kweli ila tusiwaonee hao wenye maduka. Nimeuza duka la mapambo Dar miaka minne, nieleze kinachokaa ndani ya ile bei. Kodi ya fremu kule ni kubwa, ushuru na usafiri wa mzigo toka nje, halafu kuna jicho. Mtu kazunguka masoko ya Jaipur kule India au Marrakech kule Moroko, kaona vitu elfu, kachagua ishirini vinavyokaa pamoja. Ukiingia pale unanunua na ule uchaguzi wake, na kama we mwenyewe una jicho basi hiyo sehemu ya bei hauihitaji.

Kingine, duka zuri linatakiwa likujibu maswali matatu bila kubabaika: kimetengenezwa wapi, na kina nani, kwa malighafi gani. Wakikujibu "ni staili ya Moroko" jua haijatoka Moroko, neno staili hapo limebeba mambo mengi.

Hilo zulia ulilosimulia linafanana na la Beni Ourain, kabila za milima ya Atlas ya Kati, sufu ya kondoo haitiwi rangi, ndo maana jeupe la maziwa na mistari ya kahawia au nyeusi. Sasa ulipindue. La mkono mgongoni unaona fundo mojamoja na mchoro unaonekana kama ulivyo juu, na mistari haijanyooka kama ya rula. La mashine mgongo umekaa sawasawa mno, mara nyingi wamepaka gundi na kubandika kitambaa. Angalia na zile nyuzi zinazoning'inia pembeni, kwenye la mkono ni nyuzi zilezile zilizobeba zulia zima zimetokeza, kwenye la mashine zimeshonewa baadae. Omba unyoya mmoja uuchome, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika, plastiki inayeyuka inakuwa tone gumu. Duka linalojiamini halikatai.

Mito hiyo ya India kama ni ile ya kugongwa mhuri wa mbao kwa mkono utaona ua moja limepishana kidogo na mwenzake, na rangi imepenya upande wa pili. Ikiwa safi kabisa bila kosa hata moja, hiyo ni mashine, na elfu 85 hapana.

Mchonga Newala
Mi nimekulia kwenye kuchonga, baba anachonga mpaka leo. Kwa kinyago usiende Dar, narudia usiende. Njoo Newala au Tandahimba, uliza wachongaji, kaa nao chini ya mwembe, utaona kitu kinavyotoka kwenye gogo. Kuna ujamaa, ile watu wamebebana ukoo mzima kuanzia bibi mpaka vitukuu kwenye gogo moja. Kuna shetani, macho huku mdomo kule, zile ndo zinafanya sebule iwe na maongezi. Ujamaa wa kimo cha mkono tunauza laki mbili hadi tatu kutegemea kazi, na hapo mchongaji kakaa wiki kadhaa.

Kuujua mpingo: mpingo ni mzito unazama majini. Moyo wake ni mweusi wenye zambarau au kahawia kwa mbali, tabaka la mbao lililo chini ya ganda lina rangi ya njano kama siagi na wachongaji wengine wanaliacha makusudi kwenye kitako ili uone ni mti wenyewe. Kinyago kilichopakwa kiwi ya viatu ukisugua chini na kitambaa cheupe chenye maji kinatoa weusi. Vilevile kiinue, ukikiona chepesi kishushe.

Mti ukichongwa mbichi ukapelekwa chumba cha eisii unapasuka, hii ndo sababu watu wanalalamika kinyago kimechanika mwezi wa pili. Muulize fundi gogo lilikatwa lini, na ukifika nyumbani usikiweke kwenye upepo wa eisii wala kwenye jua la dirishani. Mafuta kidogo ya nazi kwenye kitambaa mara mojamoja.

Na gogo ulizia limetoka wapi. Huku Lindi, wilaya ya Kilwa, kuna vijiji vinamiliki msitu wao na vinavuna mpingo kwa utaratibu, cheti cha kimataifa cha misitu walikipata 2009. Mti huu unachukua miaka sabini na zaidi kufikia kuvunwa, na Ulaya wanautaka kwa ala za kupuliza, klarineti na obo, kwa hiyo tukiufuja tumeumaliza sisi wenyewe.

Binti Mikindani
Kasuku kuhusu Unguja nina la kusema. Nilienda kwa ajili ya sanduku, yale ya misumari ya shaba. Muuzaji akaniapia ni la miaka mia, nikalipa laki 9 na usafiri juu. Miezi mitatu nikaanza kuona unga mwembamba chini yake kila asubuhi, bungua. Mbao mpya iliyopakwa rangi ya kuzeesha. Na misumari ikaanza kutoa kutu kwa hii hewa ya bahari yetu, shaba haitoi kutu ya chuma. Ningekuwa na sumaku mfukoni ningejua palepale, sumaku haishiki shaba, ikishika ni chuma kilichopakwa juu. Hata masinia na taa za kuning'iniza fanya hivyohivyo.

Masanduku ya zamani ya kweli yapo, mengi yalikuja na majahazi toka India, ila bei yake siyo ya kupatana barazani. Unguja ni pazuri kwa vitambaa, taa ndogo na viungo. Mbao nenda na fundi wako.

Mnazi wa Lindi
Jamani mnaongea bei hamuongelei hewa. Mi nyumba yangu iko karibu na maji hapa Lindi na nimejifunza kwa hasara. Sufu nene msimu wa mvua inashika ukungu, na mchanga ukiingia kwenye manyoya hautoki. Nikahamia kwenye yale mabusati membamba ya Uturuki yasiyo na manyoya, wenyewe wanaita kilim, unalikung'uta unalianika kivulini jioni unalirudisha. Chini yake natandika mkeka wa ukindu mkubwa, rangi za ukili zinatokeza pembeni. Wageni wanauliza kwanza mkeka ndo waulize busati.

Na Kasuku, hilo la kuchanganya nchi siyo geni kwetu. Wazee wa pwani hii walipachika mabakuli ya China kwenye misikiti na makaburi, vigae vyake vinaokotwa Kilwa Kisiwani mpaka leo. Usinunue vigae hivyo mtu akikuletea, ni mali ya kumbukumbu. Hivyohivyo milango ya kuchonga ya zamani pale Mikindani, ya kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, dalali akikwambia anakung'olea mmoja mkimbie. Muagize fundi akuchongee mpya.

Kasuku wa Shangani
Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Mzee wa Tandahimba kama upo naomba nikuulize, shikamoo. Yale mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani, nayo yanafaa kutundikwa ukutani? Kuna mtu ananiuzia lenye nywele.

Mzee wa Tandahimba
Marahaba mwanangu. Lipiko siyo pambo kwa asili yake. Linachongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji alivae, linafunika kichwa chote, na nywele huwa ni za mtu kweli. Linacheza watoto wakitoka jandoni, na enzi zetu wanawake na watoto hawakutakiwa kujua ni nani yuko ndani. Lililokwishacheza lina wenyewe, usilichukue kwa mtu usiyejua kalitoa wapi. Lakini wachongaji wanachonga mapya ya kuuza, hayo hayana neno, mwambie mchongaji nataka la nyumbani, atakuelewa. Usilitundike karibu na choo wala mlangoni pa kuvulia viatu.

Kasuku wa Shangani
Nimekuelewa baba, hilo la nywele nimeliacha. Basi mpango wangu ni huu: kinyago cha ujamaa na lipiko jipya nakuja Newala mwenyewe baada ya msimu wa korosho. Kwa lile duka la Masaki nitaenda na kiberiti, zulia la manyoya naliacha, ila wana busati la Uturuki kwa laki 8, likipita mtihani wa mgongo nalichukua. Mito ya India miwili tu ile yenye makosa, minne nashona kitenge. Mkeka wa Lindi. Swali la mwisho, busati na taa nivitoe vipi Dar?

MwanaMasasi
Busati likunjwe kwa kuviringishwa, siyo kupigwa mikunjo kama shuka, nje plastiki, halafu gunia. Linapanda basi kama mzigo wa kawaida. Taa ya vioo usiipeleke chini kwenye buti, safari ni zaidi ya kilomita 550, ifunge kwenye blanketi ndani ya boksi uipakate. Na usisafirishe masika, unakumbuka 2024 barabara ilivyokatika Somanga, mizigo ya watu ililala njiani na mvua juu.