Nataka kupita Otago Central Rail Trail peke yangu kwa baiskeli, naombeni ushauri

Mshale_wa_Jioni

Habari zenu wadau. Niko Dunedin, New Zealand, kimasomo. Likizo ya mwezi wa nne nataka kuendesha baiskeli kutoka Clyde mpaka Middlemarch, kilomita 152. Kwa wasioijua, hii ni njia ya reli ya zamani. Treni ziliacha kupita kipande hicho mwaka 1990, reli na mataruma vikang'olewa, zikamwagwa kokoto, na tangu 2000 ni njia ya baiskeli, farasi na waenda kwa miguu. Magari hayapiti, na hakuna kiingilio.

Marafiki niliopanga nao wamejitoa mmoja mmoja, nami nimechoka kuahirisha. Mimi ni binti, chuo naenda kwa baiskeli ila safari ya kulala njiani sijawahi. Nimejipa siku nne. Nauliza: usalama wa kuwa peke yangu ukoje, nibebe nini, na je, mtu asiye mwanamichezo ataweza? Nimesoma kwamba njia ya reli haina vilima, hapo nikapata moyo. Tafadhali msiniambie "usiende", hiyo nimeshaambiwa na nyumbani.

Babu_Pedeli

Nenda mjukuu wangu. Helmeti usiisahau, nchi hiyo ni sheria.

Gia_ya_Tatu

Dada, hapo kwenye "haina vilima" ndipo wengi wanapojidanganya, nami niliipita nikiwa na imani hiyohiyo. Treni ya mvuke haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo wajenzi walihakikisha haipandi zaidi ya mita moja kwa kila mita 50. Ni kweli hutashuka kusukuma baiskeli. Lakini mwinuko wenyewe hauishi! Unapanda muda mrefu huku macho yanakwambia ni tambarare, hadi unashuka kukagua kama breki imeshika tairi. Haijashika.

Halafu hakuna mteremko wa kukufidia. Barabara ya kawaida ukipanda utashuka, miguu inapumzika, unanyanyuka kidogo kwenye kiti. Kwenye reli kushuka nako ni kidogokidogo, na upepo ukiwa wa mbele utapiga pedeli hata unaposhuka. Matokeo yake unakaa mkao mmoja kutwa nzima. Mapaja hayatakuangusha, kitakachokuuma ni makalio, viganja na shingo.

Kwa hiyo mazoezi yako yasiwe ya siku moja ndefu. Endesha siku mbili mfululizo, saa kadhaa kila siku, kwenye kokoto kama unazipata. Siku ya pili ndiyo itakayokwambia kama kiti kinakufaa. Kirekebishe kabla ya safari, na ukiwa njiani jizoeshe kusimama juu ya pedeli mara kwa mara hata kama hujachoka. Tairi ziwe pana, na usizijaze upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe.

Mama_Cheni

Mwanangu, kuhusu kuwa peke yako: wapanda baiskeli ni wengi, na wenyeji wamezoea wageni. Mimi ningeogopa zaidi mambo matatu ambayo ukiwa na mwenzio hata huyafikirii: mtandao wa simu, giza na pancha.

Ukitoka kijiji cha Lauder utaingia bonde la Poolburn. Ni pazuri kupita kiasi, kuna daraja la urefu wa mita 37 kwenda juu na mahandaki mawili, lakini simu usiitegemee. Mwenye nyumba utakayolala mwambie asubuhi kwamba unatarajia kufika saa fulani, na usipofika apige simu 111, namba ya dharura ya huko. Mahandaki hayana taa ndani, na moja limepinda kidogo hivyo katikati ni giza totoro. Shuka, washa tochi, tembea. Kuna lingine kabla ya kijiji cha Hyde.

Mwezi wa nne una jambo jingine. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa za nchi nzima hurudishwa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo jua litazama saa kumi na mbili na kitu jioni. Ukianza safari saa nne asubuhi kwa sababu ya baridi, umeshajipunja. Nguo ya kuzuia upepo na glavu ziwe juu kabisa ya mkoba, zisiwe chini ya vyote.

Pancha sasa. Eneo lile lina vichaka vya miiba. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na vyuma vya kubandulia tairi. Kisha jifunze kufungua gurudumu la NYUMA, lenye cheni na gia, ukiwa nyumbani kwa utulivu. Watu hujifunza la mbele tu kwa sababu ni rahisi.

Kokoto

Mimi ningemshauri aanzie Middlemarch. Amalizie Clyde, ambako pamechangamka zaidi.

Gia_ya_Tatu

@Kokoto kwa mwinuko si tofauti kubwa, kilele cha mita 618 kiko kati ya Oturehua na Wedderburn, karibu nusu ya safari. Ila ukianzia Clyde unapata kilomita nane nyepesi hadi Alexandra za kugundua ni kitu gani kimelegea, na Alexandra ina maduka. Kwa mtu wa mara ya kwanza, hilo ni kubwa.

Mshale_wa_Jioni

Asanteni sana jamani. Nimeelewa, naanzia Clyde. Nilikuwa najaza mkoba wa mgongoni, nibaki nao?

Mama_Cheni

Mgongoni hapana! Mzigo wote unaishia kwenye hayo makalio tuliyoyasema. Weka mifuko juu ya keria, au lipia gari la kuhamisha mizigo kati ya nyumba za kulala, huduma hiyo ipo. Lakini pampu, tyubu, maji na koti ubaki navyo mwenyewe.

Babu_Pedeli

Na Hyde weka nafasi ya kulala mapema, ni padogo. Karibu na hapo, mahali kilima kilipopasuliwa ili reli ipite, treni ilianguka Juni 1943 wakafa watu 21. Simama kidogo. Kutoka Hyde mpaka mwisho ni kama kilomita 27, huna haraka.

Mshale_wa_Jioni

Sawa babu. Jioni hii nafungua gurudumu la nyuma, nikikwama narudi hapa na picha.