Rangi ya Beetle 1/24 imetoka kama ganda la chungwa: niisugue au niitoe yote?

Kisu_Chembamba

Ndugu zangu waundaji wa modeli, naomba mnisaidie kwa macho yenu na kwa ukweli wenu. Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikiunda Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966 katika skeli ya 1/24, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi. Nilikwangua alama za kalebu (mistari inayoachwa na umbo la kumiminia plastiki), nikaiosha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, nikapuliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu, kisha rangi ya bluu hafifu mara tatu na vanishi angavu mara tatu, zote kutoka kwenye makopo ya kupulizia. Kwa kuogopa rangi isichuruzike, nilikuwa nalishika kopo mbali na bodi, yapata sentimita 40 au zaidi.

Haikuchuruzika. Hata hivyo, ilipokauka niliona paa na boneti vimejaa vijishimo vidogo mithili ya ganda la chungwa, na nilipoiweka modeli chini ya taa ndefu ya dari, taa ile haikujionyesha juu ya paa kama mstari bali kama ukungu wenye mawimbi. Kesho yake nikachukua msasa namba 1500, nikaulowesha na kuanza kusugua boneti. Uso ulianza kulainika, nami nikaendelea kwa furaha hadi kijivu cha praima kikachungulia mahali pawili: juu ya mwinuko wa ule utepe wa kromu unaopita katikati ya boneti, na kwenye ukingo wa mlango wa kushoto, kwa urefu wa milimita 3 hivi.

Nimewaonyesha watu kadhaa picha na wote wameniambia kwamba imependeza. Ninawashukuru kwa moyo wao mwema, ila neno hilo halinielekezi nifanye nini na huo mlango. Nimeambatisha picha nne: moja ya paa chini ya taa, moja ya boneti kwa karibu, moja ya ubavu ikiwa na rula, na moja ya gari zima likiwa limesimama juu ya magurudumu niliyoyashikiza kwa muda. Je, niendelee kusugua, au niitoe rangi yote na kuanza upya? Tafadhali msinihurumie katika kutaja kasoro.

Msasa_wa_Maji

Ndugu Kisu_Chembamba, nakushukuru kwa ile picha ya paa chini ya taa, kwa sababu ndiyo iliyonieleza karibu kila kitu. Picha iliyopigwa kwa mwanga laini huficha uso wa rangi, ilhali taa yenye umbo la mstari huufichua: kingo za mstari zikinyooka, uso umetulia, na zikitetemeka, bado kuna kazi. Ninawasihi wenzetu wanaoomba maoni kuhusu rangi waige mfano huo.

Chanzo cha vijishimo ni ule umbali wenyewe. Rangi hutoka kwenye kopo ikiwa matone madogo sana, na ili uso uwe laini, matone hayo hayana budi kufika yakiwa bado mabichi, yaungane na kujisawazisha kabla ya kukauka. Ukipulizia kutoka sentimita 40, matone mengi hufika yakiwa nusu makavu, nayo hubaki pale yalipotua, kila moja na kiduara chake. Mimi husimama kati ya sentimita 20 na 25. Tabaka la kwanza huwa jepesi kama umande, kisha hufuata tabaka lililolowa vizuri, na mkono wangu huanza kupita kabla ya kuifikia bodi na kuachia baada ya kuipita. Aidha, kopo lililopoa hutoa matone makubwa kwa sababu msukumo wake ni hafifu, kwa hiyo hulitia kwanza katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 hivi kwa dakika chache. Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usilikaribishe kopo kwenye moto wala maji yanayochemka, kwani likipasuka litakudhuru.

Sasa kuhusu usuguaji. Namba 1500 ni kali mno kwa vanishi ya mapito matatu, na siku moja ni mapema mno. Ipe bodi angalau wiki moja, halafu inusie kwa karibu. Ikiwa bado inatoa harufu ya rangi, bado haijakauka kwa ndani, na msasa utakuwa ukivuta utando mbichi. Kabla ya kuanza, bandika utepe mwembamba wa karatasi juu ya kila ukingo na kila mwinuko, kwa sababu rangi ikiwa mbichi huikimbia ncha kali na kujikusanya bapani, ndiyo maana daima ni kwenye kingo ambako praima huchungulia kwanza. Anza na namba 2000, weka tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, sugua mara chache, pangusa, kisha utazame. Utaona uso umefifia huku vitone vidogo vikiendelea kung'aa: vitone hivyo ndivyo chini ya vijishimo ambako msasa haujafika. Siku zote mimi hukitazama kitone cha mwisho, na kinapotoweka huacha papo hapo na kuhamia namba 3000, kisha nguo za msasa laini zaidi, na hatimaye polishi kuanzia ya chembe kubwa hadi ya chembe ndogo kabisa.

Kuhusu boneti usihangaike kabisa. Pale praima ilipochungulia ni juu ya utepe wa kromu, na utepe huo utaufunika kwa karatasi ya alumini yenye gundi. Kazi yako halisi ni ule ukingo wa mlango.

Tabaka_Tatu

Naomba kutofautiana na ndugu yangu Msasa_wa_Maji, ingawa maelezo yake kuhusu chanzo ni sahihi. Mimi ningeitoa rangi yote.

Sababu yangu ni unene. Rangi ya gari halisi kutoka kiwandani kwa kawaida ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.15 hivi. Katika skeli ya 1/24, milimita 0.1 ya rangi juu ya modeli ni sawa na milimita 2.4 juu ya gari halisi, na hakuna gari lililopakwa hivyo. Mwanya wa mlango wenye milimita 5 kwenye gari halisi ni milimita 0.2 tu kwenye modeli, nao ukipokea praima, rangi mara tatu na vanishi mara tatu, kisha tena rangi ya kurekebishia, hufikia hatua ukaonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Ukiitazama picha ya ubavu, utaona mstari wa chini wa mlango umeanza kujaa karibu na kona ya nyuma. Hilo halirekebishiki kwa polishi.

Ukikubali kuitoa, ijaribu kwanza dawa yoyote ya kutolea rangi kwenye kipande kilichobaki cha fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia sehemu za modeli kabla ya kukatwa, kwa sababu zipo zinazokula plastiki. Baada ya hapo pitisha ncha ya kuchongea kwenye mistari yote ya milango, boneti na kifuniko cha injini, mara nyingi na kwa mkono mwepesi, ndipo upulize praima.

Kioo_Safi

Suala la rangi limeshapata wenyewe, kwa hiyo nitazungumzia picha ya nne, ambayo sijaona mtu akiigusia. Gurudumu la mbele la kulia linaonekana kuelea. Iweke chesisi juu ya kipande cha kioo bapa, kisha jaribu kupitisha karatasi nyembamba chini ya kila tairi. Lile litakaloiruhusu ndilo lenye tatizo. Gari lililopakwa vizuri likisimama kwa magurudumu matatu, jicho huligundua hata kabla ya kujua limegundua nini.

Beetle ina bahati moja inayorahisisha ukaguzi. Umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma kwenye gari halisi ni milimita 2,400, ambayo katika skeli ya 1/24 ni milimita 100 kamili. Kwenye picha yako mimi nasoma pungufu kidogo, lakini kamera iliyo karibu hupotosha vipimo, kwa hiyo pima mwenyewe pande zote mbili. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine, ekseli imekaa mshazari, na huo ndio utakuwa mwanzo wa lile gurudumu kuelea.

Ombi la mwisho ni kuhusu vioo: usiviweke kabla ya kumaliza kupolishi, na usivigandishe kwa supagluu. Mvuke wake huacha utando mweupe juu ya plastiki angavu, na nimeshapoteza kioo cha mbele kwa namna hiyo katika modeli niliyoipenda sana. Gundi nyeupe ya maji hukauka ikawa angavu, na inatosha kabisa kukishika kioo.

Kisu_Chembamba

Wapendwa, nimerejea baada ya wiki tatu na ninawashukuru kila mmoja kwa jina lake.

Nililipima kwanza lile lililosemwa na ndugu Tabaka_Tatu, kwa kuwa lilinigusa. Nilipitisha ncha ya sindano katika mistari yote, nayo iliteleza bila kukwama isipokuwa pale pale alipoonyesha, kwenye kona ya chini ya mlango, ambako ilipanda juu ya rangi kwa urefu wa milimita 4. Nilipalainisha hapo kwa ncha ya kijiti cha meno kilichochovywa kwenye thina na kukaushwa karibu chote, mara nyingi kwa uvumilivu, hadi mstari ukafunguka. Kwa hiyo sikuitoa rangi, lakini bodi inayofuata nitaichonga mistari yake kabla ya praima, na hoja hiyo naikubali bila kipingamizi.

Mlango niliuzungushia utepe wa karatasi nikifuata mistari yake yenyewe, nikapuliza bluu kidogo kwenye ukingo ulioharibika na vanishi mara mbili juu ya mlango mzima, safari hii kutoka sentimita 22 na kopo likiwa na uvuguvugu. Mpaka wa rangi mpya na ya zamani umeangukia ndani ya mwanya wa mlango, nami siuoni hata kwa kioo cha kukuzia. Kisha nikangoja siku tisa hadi harufu ikaisha. Kuhusu vile vitone vinavyong'aa, niliviona jinsi vilivyoelezwa, na nilipoacha pale cha mwisho kilipotoweka, hakuna ukingo wowote uliochubuka.

Magurudumu yalikuwa na kasoro kweli: kulia nilipata milimita 98.5, kushoto 100. Kulikuwa na mabaki ya plastiki niliyoyaacha wakati wa kukata kipande kwenye fremu, nayo yalikuwa yakiisukuma ekseli. Nimeyakwangua, na sasa karatasi haipiti chini ya tairi lolote.

Nimeweka picha mpya ya paa chini ya taa ile ile. Mstari umenyooka kutoka mbele hadi juu ya mlango, ila ukifika juu ya dirisha dogo la nyuma la kushoto unapinda kidogo, na hapo ndipo paa linapoanza kuteremka, hivyo siwezi kupambanua kama ni umbo la gari au ni vijishimo vilivyobaki. Naomba mwenye jicho zuri aitazame sehemu hiyo kabla sijabandika alumini.