Je, Mama Rhoda Kalema aliingia bungeni kwa kiti maalumu cha wanawake?

Mwalimu wa Historia, Jinja:
Shikamooni wazee, na salaam kwa wengine. Ninaandaa somo kuhusu wanawake waliotangulia katika siasa za Uganda, na mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba Mama Rhoda Kalema alifika bungeni kwa sababu tu serikali ya NRM, vuguvugu la Yoweri Museveni, ilitenga kiti cha mwanamke kwa kila wilaya. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Mzee wa Mengo:
Marahaba, Mwalimu. Mwenzako ameanza kuhesabu miaka kumi baadaye. Viti hivyo vilikuja na uchaguzi wa 1989, ilhali Mama Kalema alikuwa mjumbe wa Baraza la Taifa la Ushauri, lililofanya kazi ya bunge, mwaka 1979, mara baada ya Idi Amin kuondolewa, kisha akawa naibu waziri wa utamaduni na maendeleo ya jamii. Usisahau pia alikotoka: baba yake, Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, alipigwa risasi Namirembe mwezi Septemba 1945 kwa sababu ya sheria ya ardhi iliyowezesha Makerere kupanuliwa, na mumewe, William Kalema, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Obote, aliuawa mwaka 1972. Mjane wa aina hiyo angejitenga na siasa, nani angemlaumu?

Mwana Kiboga:
Naongezea alipoishia Mzee. Mwaka 1980 Mama alikuwa miongoni mwa waasisi wa UPM (Uganda Patriotic Movement), chama cha Museveni huyo huyo, ambacho kilipata kiti kimoja tu katika uchaguzi ule uliojaa malalamiko. Museveni alipoingia msituni kupigana na serikali mwaka uliofuata, walioandamwa ni wale waliobaki mjini, naye akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1989 aligombea kwetu Kiboga kiti cha kawaida, akishindana na wanaume, akashinda. Mwaka 1994 tukampeleka tena katika Bunge la Katiba.

Mwalimu wa Historia, Jinja:
Asanteni sana. Basi naweza kumwita mwanamke wa kwanza katika bunge letu?

Mzee wa Mengo:
Hapana, Mwalimu. Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeolewa Buganda, aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, bunge la enzi za ukoloni, mwaka 1956, na bunge la uhuru la 1962 lilikuwa na Florence Lubega na Sugra Visram. Katika somo lako ningemweka Mama Kalema baada ya hao, kama aliyeirudia njia hiyo Amin alipokwisha kuifunga.