Mwajiri hakupeleka michango ya mzee, Katiba inatusaidia?

Wakuu shikamooni, naomba ushauri. Mzee wangu kapiga kazi kiwandani miaka 17, kila mwezi wanamkata asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kastaafu ndo tunaambiwa michango ya miaka minne mwajiri hakupeleka, yaani hela walikata wakazila wenyewe! Nikafungua Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 11 inataja haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, nikafurahi weee, kumbe ibara ya 7 inasema hayo huwezi kuyadai mahakamani. Wenzetu Kenya ibara ya 43 wameiweka kama haki kabisa. Sasa wanasheria, Katiba niiache nimbane tu mwajiri kwa sheria ya mfuko? Slipu za mshahara mzee anazo zote.