Kizibo cha bathtabu kimegoma kutoka, na maji yanavuja

Wakuu habari, bathtabu yangu ina kalevo kwenye kile kibati cha juu ukikasukuma kizibo cha chini kinafunga au kinafungua. Shida nikijaza maji nikirudi baada ya muda nakuta yameshuka, halafu nikifungua nayo yanatoka kwa kujivuta. Nikivuta kizibo kwa mkono kinakuja kidogo kinagoma. Kinatokaje hiki kitu?

Mzeewaspana: Usilazimishe mkuu. Weka levo upande wa kufungua kizibo kiinuke, kishike uvute huku unakitikisatikisa, kimeungwa na mkono mwembamba uliopinda ndo unaokwama, na nakuhakikishia umejaa nywele hadi inatia kinyaa 😂 Safisha, kisha cheki ringi ya mpira chini ya kizibo, ikikakamaa au ikipasuka lazima maji yapite.

dada_bisibisi: Nywele sawa ila mbona hujamwambia habari ya fimbo? Ukishasafisha na bado inasumbua, fungua skrubu za kibati cha juu (ziba tundu la chini na kitambaa kwanza, skrubu ikidondokea humo utalia), vuta kibati taratibu kitatoka na fimbo ndefu yenye springi mwishoni. Fimbo ina sehemu yenye nyuzi na nati, legeza nati uzungushe. Kizibo hakiinuki vya kutosha, refusha. Hakikai chini kikaziba, fupisha. Nenda milimita 3 hivi ujaribu, usizungushe kama unafungua soda. Ikiwa na kutu loweka kwenye siki.

Kibe: Mimi yangu haina levo kabisa, ni ya kuinua na kuzungusha, nifanyeje?

dada_bisibisi: Hiyo nyepesi, shika shina lake lisizunguke halafu fungua kichwa kinyume na saa. Kikigoma angalia pembeni ya shina kuna kiskrubu kidogo, kilegeze kwanza.

Muulizaji: Wakuu kimetoka!! Yaani nywele zilizotoka zingetosha kusuka mtu. Maji sasa yanakimbia ila bado yanashuka kidogo, ringi imekakamaa kweli. Na kurudisha kizibo kimenitoa jasho, hakiingii.

Mzeewaspana: Geuza, ule mpindo wa mkono uangalie chini. Fimbo usiiguse kwanza, badilisha ringi, nenda na ile ya zamani dukani usije ukaletewa saizi nyingine.

dada_bisibisi: Hapo kwenye ringi nakubali 😅